Taa za Mchana Kweupe

Shemeji yangu huwasha taa mchana. Jua liko utosini, kuku wamejificha chini ya magari, naye anapita barabarani na gari la mteja limewaka mbele, nyuma na pembeni, mpaka ile taa ndogo ya ndani ya kusomea. Madereva wanaokuja upande wa pili wanampungia mikono: fundi, taa! Naye anawapungia pia, anawashukuru, na anaendelea na safari na taa zake. Ndiyo maana mji mzima unamwita Mchana Kweupe, na wala hachukii.

"Ukingoja giza ndipo ujaribu taa," huwa anasema, "hapo hujaribu. Hapo unaomba dua."

Ni fundi umeme wa magari na ni mume wa dada yangu. Mimi nimeolewa na nahodha wa boti ya abiria inayovuka ziwa. Mume wangu anashika usukani, mimi nakata tiketi na kugombana na watu wanaosukuma mizigo yao kwenye njia ya kupitia. Kila mmoja anafanya anachokiweza.

Karakana ya Mchana Kweupe iko nyuma ya nyumba yao, chini ya bati moja refu. Meza yake ya kazi ni chasisi ya lori lililokufa zamani, kaipandishia mbao juu, na chini yake kaweka betri. Waya mmoja wa betri kaufunga moja kwa moja kwenye chuma cha ile chasisi, kama ilivyo kwenye gari. Ukutani kuna misumari, na kila msumari una kifungu cha waya wa rangi yake. Ole wako uning'inize waya wa kijani kwenye msumari wa waya mwekundu. Mimi nilifanya hivyo mara moja, nikanuniwa mpaka chai ikapoa.

Kitu anachokipenda kuliko vyote mle ndani ni rilei. Ni kikopo kidogo cheusi kinachoenea kiganjani, kina miguu ya shaba chini. Niliwahi kumuuliza kazi yake ni nini, nikijua kabisa kwamba najitafutia hotuba.

"Taa kubwa inakula umeme mwingi," akasema. "Ukiupitisha wote kwenye kiswichi kidogo, kinaungua. Sasa swichi unaipa kazi ya kukonyeza tu. Inaikonyeza rilei, na rilei ndiyo inayoubeba ule umeme mzito. Mtazame dada yako. Gunia la mkaa likiletwa hapa, analinyanyua yeye? Ananyanyua nyusi. Gunia nanyanyua mimi. Dada yako ni swichi, mimi ni rilei."

Sauti ikatoka jikoni: "Na mbona rilei yangu siku hizi inachelewa kushika?"

Rilei ikishika hulia tak. Mlio wenyewe mdogo, lakini Mchana Kweupe akiusikia hufumba macho kama mtu aliyewekewa sukari ulimini.

Sasa mtu huyu, ambaye anatia mkono kwenye injini inayonguruma huku anapiga soga, anaogopa maji. Hakuna kisa. Hakuzama utotoni, hakuna ndugu yake aliyechukuliwa na ziwa. Hayaamini tu. "Hayana mahali pa kushika," ndiyo sababu yake. "Gari likizima linasimama. Boti ikizima inaendelea kwenda, na haikuambii inakwenda wapi." Mimi na mume wangu tunaishi kwa hiyo boti, na katika miaka yote hiyo shemeji hajawahi kuweka hata unyayo ndani yake. Sote tunajua sababu, na sote tulikuwa na adabu ya kutoitaja mbele yake. Tulisema ana kazi nyingi.

Wana mtoto mmoja, binti. Alipokuwa mdogo alikuwa na mchezo wa kukaa juu ya geti na kuangalia barabara. Likitokea gari limewasha taa jua likiwaka, anaruka chini na kukimbia kulipokea, maana ndani lazima yumo baba yake. Hakuwahi kukosea. Akishafika anabebwa mapajani, anashikishwa usukani, na wanaingia uani kwa fahari kama msafara wa waziri.

Binti huyo kaolewa ng'ambo ya ziwa. Siku ya harusi baba mtu alikwenda kwa barabara, akazunguka ziwa zima mpaka kwenye daraja, akafika amepauka vumbi na sahani zimeshaanza kukusanywa. Lakini alifika. Kisha mvua zikaja na zikaondoka na daraja. Binti akajifungua mtoto wa kiume, dada akavuka nasi kwenda kumlea mzazi, akarudi na picha kwenye simu. Shemeji alizitazama zile picha kila alipokunywa chai. Alikuwa anazikuza kwa vidole vyake vyenye grisi, anamtafuta mtoto pua, anamtafuta masikio. Kioo cha simu kikawa hakionyeshi tena rangi.

Mimi ndiye tarishi wa ukoo, kwa sababu ya boti. Siku moja binti akaja kunipokea gatini na mtoto kiunoni, akaniambia: "Mama mdogo, mwambie baba mtoto hana haraka, ila anakua. Na mimi simpeleki huko. Utoto wangu wote nimemkimbilia baba getini. Safari hii anifuate yeye."

"Mama, baba yako unamjua."

"Namjua. Na yeye ananijua." Akakaza midomo, nikamwona Mchana Kweupe mtupu, tofauti ni hereni tu.

Niliufikisha ujumbe kama ulivyo. Shemeji alikuwa anakuna waya kwa kisu. Hakuinua uso. "Daraja linajengwa," akasema.

Daraja lilikuwa linajengwa kwa mwendo wa kinyonga. Nililiona kila nilipopita upande ule: nguzo mbili na mlinzi amelala.

Mambo yangebaki hivyo kama mume wangu asingenunua taa. Alipata taa kubwa za kuangaza mbele na za kumulika abiria wanaposhuka, akazifunga mwenyewe kwa furaha zote, akaziunganisha kwenye ile swichi ya zamani iliyokuwa inawasha vitaa vidogo. Jioni ya kwanza tulipendeza. Jioni iliyofuata, tuko katikati ya maji, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Mume wangu akagusa swichi, akaruka na kidole mdomoni, taa zote zikazimika. Tuliingia gatini kwa tochi za simu za abiria na kwa sauti yangu, ambayo siku ile ilishinda injini.

Kesho yake tukampelekea shemeji ile swichi. Ilikuwa imeyeyuka, imejikunja. Akaigeuza kiganjani kwa huruma ya kweli.

"Maskini," akasema. "Mmembebesha gunia."

Basi ikawa ni kazi ya rilei, na Mchana Kweupe akang'aa uso. Alichukua kipande cha bati, akafungia juu yake rilei, fyuzi na nyaya nene zilizolala pamoja kama nywele zilizosukwa. Akaunganisha kila kitu pale mezani, akabonyeza swichi mpya. Tak. Taa ya majaribio ikawaka. Akamkabidhi mume wangu lile bati kwa mikono miwili.

"Mwanyumba," akamwambia, maana hivyo ndivyo wanavyoitana wanaume waliooa ndugu. "Mwekundu kwenye betri. Wa njano kwenye taa. Wa bluu kwenye swichi. Na hii bolti hapa, ikaze kwenye bodi. Basi, umemaliza."

"Huji kufunga mwenyewe?" nikauliza, najifanya sijui ninachouliza.

"Kukaza bolti moja mwanyumba atashindwa? Nina kazi nyingi, shemeji."

Mume wangu akafunga, mwekundu, njano, bluu. Bolti akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akabonyeza swichi. Kimya. Hakuna tak, hakuna taa, hakuna hata dalili. Akafungua kila kitu, tukalirudisha bati karakanani. Shemeji akaliweka mezani, akabonyeza. Tak.

"Linafanya kazi," akasema.

"Kwako," akasema mume wangu.

Tukarudi botini. Kimya. Tukarudi karakanani. Tak. Nyaya hazina kosa, rilei haina kosa, fyuzi nzima. Wanaume wawili wazima wakaanza kuoneana haya, kisha wakaanza kuoneana hasira. Shemeji akasema labda mwanyumba hajui rangi ya njano. Mume wangu, ambaye kidole kilikuwa bado kinamuuma, akajibu kwa sauti ya kutosha majirani:

"Rilei yako haina ubovu wowote. Inaogopa maji tu, kama mwenyewe."

Likatoka. Neno ambalo ukoo mzima tulikuwa tumelifunika kwa miaka, likawa limekaa pale mezani katikati ya nyaya. Mume wangu alijuta papo hapo, nilimwona. Shemeji akawa anafuta bisibisi ambayo haikuwa chafu.

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimtazama mumewe, akanyanyua nyusi.

Mchana Kweupe akaiweka bisibisi kwenye kisanduku cha vifaa, akafunga kisanduku, akatangulia kwenda gatini.

Pale gatini akaomba jaketi la kuokolea. Nikampa. Akaomba jingine. Nikampa. Akalivaa juu ya lile la kwanza, akawa amevimba, rangi ya chungwa mpaka kwenye masikio. Akauliza kama kamba imefungwa. Imefungwa. Na ile ya nyuma? Imefungwa, shemeji. Nani kaifunga? Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka, tena nilikuwa na maneno mazuri sana nimeyaweka tayari. Ila alipokanyaga ubao wa kupandia akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Maneno yangu nikayaacha gatini, nikamshika na mimi. Nilimpenda sana shemeji yangu wakati ule.

Alipoingia hakutazama kulia wala kushoto. Akaenda moja kwa moja kwenye usukani, akalala chini, akaingiza kichwa kwenye nyaya. Huko ndani akatulia, maana nyaya ni nyaya popote. Tukasikia anagusa hapa, anapima pale.

"Mwanyumba."

"Naam."

"Bolti umeifunga wapi?"

"Kwenye bodi. Si ulisema kwenye bodi?"

Tukasikia anagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

"Bodi ya boti yako ni ya nini?"

"Mbao."

"Mbao," akasema Mchana Kweupe. "Aisee. Mbao."

Akaanza kucheka. Alicheka amelala chali, majaketi yote mawili yanapanda na kushuka, machozi yanamwingia masikioni. Tulipomvuta nje akatueleza. Kwenye gari umeme hutoka kwenye betri kwa waya, ukafanya kazi yake, halafu ukarudi kupitia bodi, kwa sababu bodi ni chuma. Maisha yake yote amefunga bolti kwenye chuma, hata meza yake, chini ya zile mbao, ni chuma, mpaka akasahau kwamba ile bolti kazi yake ni kuurudisha umeme nyumbani. Ukiifunga kwenye ubao, umeme hauna pa kurudia. Na usiporudi, hautoki kabisa.

"Nimewapa njia ya kwenda," akasema, "ya kurudi nimeipigilia kwenye mti."

"Na mimi nikaikaza kwa nguvu zangu zote," akasema mume wangu, na hapo wakapatana.

Dawa yake ilikuwa kipande cha waya mweusi, kutoka kwenye bolti mpaka kwenye betri. Shemeji akakaza, akapangusa mikono, akaninyooshea kidole nibonyeze swichi.

Tak.

Taa zote zikawaka, za mbele, za pembeni, za kumulika abiria. Adhuhuri, jua kali, boti inang'aa kama ukumbi wa harusi. Abiria waliokuwa gatini wakisubiri safari wakapiga makofi, wengine wakauliza kama sasa tunaweza kuondoka.

"Haya, shemeji," nikasema. "Shuka upumzike, tupakie watu."

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta wa chumba cha usukani. Aliutazama ubao wa kushukia. Mtu mwenye hofu yake angekuwa ameshaukimbilia.

"Hii imejaribiwa ikiwa imesimama," akasema polepole. "Mashine haijanguruma. Hakuna mtikisiko. Kazi nusu mimi sikabidhi." Akafumba macho. "Mwanyumba, washa."

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Nikageuka kumtafuta dada, maana alikuwa ametufuata mpaka gatini, nimwone atasema nini, kumbe dada ameshapanda, amekaa siti ya mbele, mkoba mapajani, na tiketi hajakata.

Tukaondoka. Shemeji hakuinuka pale sakafuni. Aliweka kiganja juu ya rilei kama unavyompima mtoto homa, na macho hayakutoka kwenye nyaya. Wimbi likitupiga anavuta pumzi, anaishika rilei, anaitoa pumzi. Alikuwa amepata mahali pa kushika.

Abiria mmoja, mama mwenye kikapu, akachungulia. "Baba, mbona mmewasha taa na jua lote hili?"

"Zinajaribiwa, mama."

"Zinawaka, tumeona."

"Bado."

Tulipokuwa mbali na nchi kavu mume wangu akanyoosha mkono kuzima, ili asiiumize betri. "Acha!" Shemeji alipiga kelele iliyowashtua mpaka watu wa siti za nyuma. "Usizizime. Ziache hivyo hivyo."

Mume wangu akaurudisha mkono kwenye usukani. Nikakaa chini karibu na shemeji, tiketi zangu nimeziweka mfukoni.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

"Unataka kweli kujua?"

"Hapana." Wimbi likaja, likapita. "Mtoto ana meno?"

"Mawili. Ya chini."

"Mawili," akasema, na akaendelea kulisema moyoni, nilimwona midomo.

Hatukuwa tumempigia binti simu. Mimi nilikuwa na hofu kwamba shemeji atageuza nia katikati ya ziwa na kutudai tumrudishe, na sikutaka mtu wa ng'ambo asubiri bure. Kwa hiyo boti ilipokata mwendo kuingia gatini, nami nimesimama na kamba mkononi, sikuelewa nilichokiona. Binti alikuwa pale mwisho kabisa wa gati. Yeye ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, ncha moja imo mdomoni mwa mtoto. Alikuwa anahema. Kiatu kimoja hakikuwepo.

"Nani kakwambia?" nikamwuliza kwa sauti.

"Hakuna aliyeniambia." Alikuwa anacheka na kulia, na hakujificha. "Nilikuwa dirishani nashona. Nikaona boti inakuja taa zote zinawaka mchana. Nimeacha gauni la watu chini ya sindano, mama mdogo. Nimekimbia tu."

Mchana Kweupe akainuka sakafuni, magoti yanalia. Ubao wa kushukia aliupita peke yake, hakuomba mkono wa mtu. Alisimama mbele ya binti yake na yale majaketi mawili, makubwa kama godoro, hata hakuweza kumkumbatia vizuri. Ikabidi binti amkumbatie kutoka pembeni. Mtoto akautema utepe, akamtazama babu yake kwa makini, kisha akaikamata kamba ya jaketi na kuivuta kwa nguvu zote, meno yake mawili nje.

"Umekuja," binti akasema.

"Nimekuja, mama. Umekimbia?"

"Nimekimbia."

Akampokea mtoto, akamweka begani, akamnusa utosi. Halafu akageuka, akanitafuta kwa macho kule botini. Uso umelowa, na wala hayakuwa maji ya ziwa.

"Shemeji," akaniita. "Zima taa. Nimeshaonekana."

Nikabonyeza swichi. Rilei ikalia tak, nami nikaenda kuwashusha abiria.